Pengo si uzee: meno ya bandia na nguvu za wazee wetu

Anayekwenda kununua mbuzi wa Idi haanzi na pembe wala rangi ya ngozi. Humshika taya, akamfungua kinywa, akamtazama meno. Meno ndiyo yatakayomwambia iwapo mnyama huyo ametimu umri wa kuchinjwa au bado ni mtoto. Na umri ukishathibiti, huyatazama tena kwa jambo la pili: mbuzi aliyekwisha meno hali vizuri, na asiyekula hana nyama mgongoni. Wachungaji wa ng'ombe na wa ngamia nao wana elimu iyo hiyo. Nguvu za mnyama husomwa kinywani kabla ya kusomwa miguuni.

Waarabu wameliweka jambo hili ndani ya lugha yao. Kwao neno ni moja: sinn ni jino, na sinn ni umri. Mnyama wa kuchinja siku ya Idi huitwa musinna, yaani aliyetimu meno. Sisi tuliolelewa chuoni tulilikariri neno hilo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 45, penye hukumu ya jino kwa jino, wala haikutupitikia kwamba lugha ilikuwa ikitwambia pia jambo la tiba, ya kuwa umri wa mtu na meno yake ni ndugu wa chanjo.

Ubaya ni kwamba undugu huo umetufanya tuamue mambo kwa haraka. Mzee akianza kuburura miguu, akishindwa kufungua kifuniko cha chupa, akiinuka kitini kwa kushika ukuta, sisi tulio kando yake twatikisa kichwa na kusema, "Ndio uzee huo." Basi tumekwisha. Hatuulizi anakula nini. Hatuulizi anakitafuna kwa nini. Twauona mkono unaotetemeka, lakini kinywa hatukitazami, nacho huenda ndicho kilichoanza kudhoofika, mkono ukafuata.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya swali hilo. Je, meno ya bandia yaweza kumrudishia mzee nguvu za mwili? Kuna wanaoyadharau na kuyaona mapambo, na kuna wanaodhani ni dawa ya kila kitu. Ukweli, kama kawaida yake, umekaa baina ya hao wawili.

NDOVU WA TSAVO

Hebu tuanze kwa jirani yetu wa porini. Ndovu hupewa safu 6 za magego kwa maisha yake yote. Safu moja ikilika, nyingine huja kutoka nyuma ikaisukuma ile kuukuu hadi itoke. Safu ya 6 ikishalika, naye yuko katika miaka yake ya 60 hivi, hapana nyingine. Ndovu mkongwe huhamia penye vinamasi na kando ya mito, akitafuta majani laini ambayo ufizi waweza kuyasaga. Hukonda siku hadi siku, mpaka miguu ile minene ikashindwa kuubeba mwili. Hakupigwa risasi wala hakuugua. Amekufa kwa njaa katikati ya majani.

Binadamu amejaaliwa rehema ambayo ndovu hana. Yeye safu yake ya mwisho ikimalizika, mwenziwe aweza kumtengenezea nyingine. Waswahili husema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Swali ni iwapo twaitumia rehema hiyo inavyostahili.

KUTOKA KINYWANI HADI KIGANJANI

Misuli ya binadamu huanza kupungua kidogo kidogo tangu makamo. Mwaka 1989 mtaalamu wa lishe wa Marekani aitwaye Irwin Rosenberg aliupa upungufu huo jina la sakopenia, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja la nyama ya mwili na jingine la upungufu. Siku hizi waganga huupima kwa njia nyepesi. Mtu hupewa chombo akifinye kwa kiganja. Kwa kipimo walichokubaliana wataalamu wa Ulaya, kilichochapishwa mwaka 2019, mwanamume asiyefikia kilo 27, au mwanamke asiyefikia kilo 16, huhesabiwa kuwa amepungukiwa na nguvu. Kipimo cha pili chaweza kufanywa hata nyumbani: mzee hukaa kitini, akakunja mikono kifuani, akainuka na kukaa mara 5. Zikipita sekunde 15 hajamaliza, kuna jambo la kutazamwa.

Sasa, misuli haijengwi kwa hewa. Hujengwa kwa protini, ile iliyomo katika nyama, samaki, mayai, maziwa na jamii ya kunde. Na hapa pana jambo ambalo wengi hulipindua. Twadhani mzee, kwa kuwa hafanyi kazi nzito, ahitaji chakula kidogo na chepesi. Kumbe mwili wake hauitumii protini kwa wepesi wa mwili wa kijana, kwa hivyo ahitaji zaidi. Jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilipendekeza mwaka 2013 kwamba mtu aliyevuka miaka 65 apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Mzee wa kilo 60 basi ahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maziwa kina 8. Kipande cha samaki cha gramu 100, kilichopikwa, chaweza kumpa 20 na zaidi.

Hebu mtazame mzee asiye na meno anavyokula. Asubuhi ni chai na mkate wa kuchovya. Adhuhuri ni wali uliorojeka kwa mchuzi, na nyama imeachwa ukingoni mwa sahani. Usiku ni uji. Karanga na korosho amezisahau. Kachumbari haigusi. Pweza kwake ni hadithi ya zamani. Tumbo limejaa, naam, lakini kiganja kina njaa. Fanya hivyo miaka 3 au 4, kisha umpe kile chombo akifinye.

Hiyo ndiyo njia ambayo jino humfikia mkono. Si uchawi wala si muujiza. Mwenye kukosa cha kutafunia huchagua kisichotafunwa, na kisichotafunwa mara nyingi ni wanga mtupu.

WAJAPANI WALIVYOPIMA

Watu waliolishughulikia jambo hili kwa bidii kushinda wengine ni Wajapani, kwa sababu nchi yao imejaa wazee. Mwaka 1989 walianzisha kampeni waliyoiita 8020, maana yake mtu afikie miaka 80 akiwa na meno yake 20 yaliyobaki. Wakati huo waliofikia kiasi hicho walikuwa wachache mno. Mwaka 2016 hesabu yao ilionyesha kwamba waliofikia ni zaidi ya nusu. Basi jambo lawezekana, si ndoto.

Katika mji wa Kashiwa, karibu na Tokyo, Tomoki Tanaka na wenzake waliwafuata wazee 2,011 wenye miaka 65 na zaidi kuanzia mwaka 2012. Waliwatazama mambo 6 ya kinywa: idadi ya meno, uwezo wa kutafuna, wepesi wa ulimi katika kutamka, nguvu za ulimi, ugumu wa kula vyakula vigumu, na kupaliwa wakati wa kunywa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliokuwa na kasoro 3 au zaidi kati ya hizo 6 walikuwa katika hatari maradufu, na zaidi kidogo, ya kudhoofika mwili, kupoteza misuli, kuhitaji kuhudumiwa na hata kufa, wakilinganishwa na wasiokuwa na kasoro. Udhaifu ulibisha hodi kinywani kabla haujaingia mwilini.

Uchunguzi mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2012, ulihusu kuanguka. Wazee waliobaki na meno 19 au pungufu na ambao hawakuvaa meno ya bandia walikuwa katika hatari ya kuanguka mara 2 na nusu ya wale wenye meno 20 na zaidi. Lakini waliokuwa na meno machache kama hao, ila wamevaa ya bandia, hatari yao haikuonekana kupanda kwa kiasi hicho. Wataalamu wanadhani kwamba taya lisilokuwa na pa kuegemea huitikisa misuli ya shingo, na kichwa kisichotulia shingoni huuyumbisha mwili mzima. Tazama mtu abebaye mzigo mzito: kwanza huuma meno, kisha hunyanyua.

Hata hivyo, haki ni kusema yote. Mambo mawili kufuatana si dalili kwamba moja limemzaa mwenziwe. Asiye na meno aghalabu ni yule aliyekosa pesa za daktari, au aliyevuta sigara miaka mingi, au mwenye kisukari. Na hayo nayo humla mtu nguvu. Wapimaji hujitahidi kuyatenga mambo hayo katika hesabu zao, lakini hayatengeki yote. Kwa hivyo nasi tusiseme kwamba seti ya meno ya bandia ikiingia kinywani leo, kesho mzee atabeba gunia. Tuseme kwamba mlango uliokuwa umefungwa umefunguliwa. Kuingia ni kazi nyingine.

MENO YA SURA NA MENO YA KULA

Kwa karne nyingi meno ya bandia yalikuwa ya kuonyesha, si ya kutafuna. Waetruski wa Italia, miaka kama 700 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, walifunga meno kwa mikanda ya dhahabu. Wajapani walichonga seti nzima kwa mti. Iliyo kongwe kabisa inayojulikana ni ya mtawa mmoja wa Kibudha aliyefariki mwaka 1538. George Washington, siku alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kuzaliwa nalo. Mengine yalikuwa ya pembe za kiboko, ya madini na ya watu. Daftari la nyumba yake la mwaka 1784 laonyesha malipo ya meno 9 yaliyonunuliwa kutoka kwa watumwa. Sisi watu wa Pwani, ambao bandari zetu ziliijua biashara hiyo, habari kama hiyo haitupiti hivi hivi. Na pamoja na gharama zote hizo, Washington alimwandikia fundi wake akilalamika kwamba meno yalimsukuma midomo nje.

Baada ya vita vya Waterloo vya mwaka 1815, meno ya askari waliokufa yaling'olewa yakauzwa Ulaya kwa mafundi wa meno. Nafuu ya watu wa kawaida ilikuja katikati ya karne hiyo, ulipopatikana ujuzi wa kuukaza mpira kwa moto na kiberiti, ukafinyangwa kwa umbo la ufizi wa mtu. Katika miaka ya 1930 ikaja akriliki, plastiki ya rangi ya ufizi ambayo ndiyo itumikayo mpaka leo.

Hata kwetu, jino la dhahabu lilikuwa fahari kabla ya kuwa kifaa. Wako wazee waliosita kwa ajili ya dini, wakihofia kwamba kujitia jino ni kubadili maumbile. Wanavyuoni walikwisha kulijadili jambo hilo zamani. Wamepokea habari ya sahaba Arfaja, aliyekatika pua vitani, akajitia ya fedha ikamharibikia, naye Mtume (s.a.w.) akamruhusu kujitia ya dhahabu. Wakakisia hapo hukumu ya meno. Kisha ipo hadithi mashuhuri inayotuhimiza tujitibu, ikitwambia kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Hapo ndipo kosa letu linapodhihiri. Uzee hauna dawa, kweli; lakini pengo si uzee. Pengo ni ugonjwa uliopita ukaacha shimo, na shimo hilo lazibika.

PENYE SINIA

Kuna hasara moja ambayo vipimo vya kilo na gramu haviioni. Sisi hula siniani, mkono kwa mkono. Siku ya Ijumaa biriani imewekwa, vijana hukisogeza kipande kizuri mbele ya babu kwa heshima. Babu hukirudisha. "Babu, mbona huli?" "Kuleni wanangu, mimi nimeshiba." Nasi twasifu ukarimu wake. Huenda si ukarimu. Huenda ni aibu ya mtu ambaye angehitaji dakika 10 kwa tonge ambayo wenziwe wanaimaliza kwa moja, na asiyetaka kuonekana akiitema.

Hatua ya pili ni kuomba atengewe chakula chake peke yake. Hatua ya tatu ni kuacha kwenda harusini. Bibi naye hucheka kwa kufunika mdomo na kanga, na mwisho huacha kucheka. Mla peke yake hula kidogo. Hili kila mama wa nyumba alijua bila ya kusoma utafiti. Na asiyetoka nyumbani hatembei, na asiyetembea miguu humwisha. Kwa njia hii ya aibu, pengo laweza kumfikia mtu magotini kwa haraka kuliko hata kwa njia ya chakula.

Kinywa, wahenga wamesema, ni jumba la maneno. Msomaji wa Kurani ajua kwamba herufi za tha, dhal na dha hutokea ncha ya ulimi inapogusana na meno ya mbele ya juu, na kwamba fa hutokea mdomo wa chini unapokutana na meno hayo hayo. Mwalimu wa chuo akipoteza meno ya mbele, kisomo chake hulegea. Wengine, kwa kuheshimu kisomo, huacha kusomesha. Hapo jamii imepoteza mwalimu, naye amepoteza sababu ya kuamka asubuhi na kwenda msikitini kwa miguu yake. Si bure kwamba wale Wajapani waliuhesabu wepesi wa kutamka miongoni mwa dalili zao 6.

MIPAKA YA MENO YA BANDIA

Lakini tusidanganyane. Mwenye seti nzima ya bandia, juu na chini, huuma kwa kiasi cha robo tu ya nguvu za mwenye meno yake, au pungufu. Sababu ni kwamba jino la asili limezama katika mfupa, na la bandia limekaa juu ya ufizi tu. La juu hushikwa na kaakaa na mate. La chini, ambalo ulimi hulipiga mateke mchana kutwa, huelea.

Kisha mfupa wenyewe hausubiri. Jino likishang'olewa, mfupa wa taya uliolishika huanza kuyeyuka, zaidi katika mwaka wa kwanza, na huendelea maisha yote. Antje Tallgren, aliyewafuata wavaaji kwa muda mrefu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1972, alionyesha kwamba taya la chini hupungua kama mara 4 ya la juu. Ndiyo maana seti iliyokaa vizuri ilipotengenezwa huanza kucheza baada ya miaka. Mzee hulaumu meno au fundi, kumbe ni yeye aliyebadilika. Dawa ni kurudi kwa daktari ayajaze upande wa ndani upya au ayatengeneze mengine. Si kuyatupa glasini.

Na glasi hiyo ndiyo adui mkubwa. Katika nyumba nyingi za kwetu nimeyaona meno ya bandia yamekaa dirishani ndani ya glasi ya maji, yakingoja Idi na harusi. Yalinunuliwa kwa pesa nyingi. Yanavaliwa kwa picha. Wengine huogopa yasije yakawatoka katika sijida mbele ya safu. Jino la aina hiyo halimsaidii mtu nguvu hata chembe, maana halijakutana na nyama. Ufizi nao hauzoei. Mtu ahitaji wiki kadhaa za kujizoeza: aanze na vyakula laini vilivyokatwa vidogo vidogo, atafune pande zote mbili kwa pamoja, asing'ate kwa meno ya mbele. Palipo na kidonda arudi akakwanguliwe, asikae na maumivu akidhani ndiyo desturi yake.

Ziko njia bora zaidi kwa mwenye uwezo. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kwamba kwa asiye na jino lolote taya la chini, inafaa seti yake ishikwe na vipandikizi 2 vya madini vilivyotiwa ndani ya mfupa. Huuma vizuri zaidi na hazichezi. Kwa wengi wetu bei yake i mbali. Lakini iko njia nyingine ambayo haina bei: tusiharakie kung'oa. Hata mizizi michache mizima iliyobaki husaidia kuushika mfupa na kuipa seti mahali pa kuegemea. Mwenye kumng'olea mzee meno yote kwa siku moja "ili apumzike" huenda amempumzisha na chakula pia.

JINSI YA KUYALEA

Meno ya bandia yana adabu zake. Yaoshwe kila baada ya chakula, na usiku yapigwe brashi laini kwa sabuni, si kwa dawa ya meno yenye mchanga inayoyakwaruza. Yasitiwe maji ya moto, kwani akriliki hupinda. Na usiku yavuliwe yawekwe katika maji. Hili la usiku si dogo. Uchunguzi wa Tokyo uliochapishwa mwaka 2015, wa watu 524 wenye miaka 85 na zaidi, ulikuta kwamba waliolala nayo walipatwa na nimonia mara 2 na zaidi ya waliovua, kwa sababu usiku huota ukungu na vijidudu ambavyo mlalaji huvivuta mapafuni. Glasi basi ni ya usiku. Mchana meno mahali pake ni kinywani.

Aliyebakiwa na meno yake ayapiganie. Mswaki wa mti wa msuwaki, ambao Mtume aliuhimiza mno, bado wafaa. Wapenzi wa tambuu wajue kwamba popoo imetajwa na wataalamu wa kimataifa wa saratani, tangu mwaka 2004, kuwa huleta saratani ya kinywa hata pasi na tumbaku ndani yake.

Kuna jambo jingine ambalo Waingereza walilithibitisha kwa vipimo. Katika uchunguzi wa Newcastle uliochapishwa mwaka 2006, watu waliopewa seti mpya wakaelekezwa pia namna ya kula walizidisha matunda na mboga kuliko wale waliopewa seti bila ya maelekezo. Maana yake ni kwamba meno peke yake hayabadilishi sahani. Mtu aliyezoea mkate wa kuchovya kwa miaka 5 ataendelea kuchovya hata akiwa na meno mapya, asipopata wa kumwambia.

Basi mwenye mzee nyumbani aipike upya meza yake. Kima badala ya mnofu. Samaki wa kupaka aliyetolewa miiba. Mbaazi za nazi, kunde na pojo zilizoiva hasa. Yai asubuhi, maziwa jioni. Nyama ikipikwa ipikwe mpaka ilegee, ikatwe kabla haijafika siniani, ili asionekane akihangaika nayo. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kwanza, kwa kuwa kwake protini nyingi yaweza kudhuru. Na chakula kikishaingia, mwili uambiwe kazi yake: kuinuka kitini na kukaa mara kadhaa asubuhi na jioni, kwenda sokoni kwa miguu, kupanda ngazi. Protini bila ya mwendo haigeuki msuli.

HITIMA NA MENO

Kwa makisio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, katika kila watu 100 wenye miaka 60 na zaidi duniani, 23 hivi hawana jino hata moja. Hao si wachache, na baadhi yao twalala nao nyumba moja.

Sisi ni watu wa kuchangiana. Twachanga harusi, twachanga karo, twachanga hitima. Lakini ni wangapi katika sisi waliowahi kuchanga meno ya mama yao? Siku ya hitima tutamchinjia mzee ng'ombe, na watu watakula washibe wamuombee. Nyama hiyo hiyo yeye aliiacha ukingoni mwa sahani miaka 6, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Sura ya Ar-Rum, aya ya 54, yatukumbusha kwamba tumeumbwa katika udhaifu, tukapewa nguvu, na baada ya nguvu tutarejezwa katika udhaifu na mvi. Safari hiyo haina budi. Lakini hapana palipoandikwa kwamba watoto wamharakishe mzee wao kwa kutomtazama kinywani.

Kwa hivyo leo jioni, chakula kikitengwa, mtazame mzee wako anakula nini na anarudisha nini. Muulize kwa upole, na kwa faragha, si mbele ya wajukuu. Kisha mpeleke kwa daktari wa meno aliyesajiliwa, si kwa fundi wa kichochoroni. Nami nafunga kwa beti hii moja:

Nguvu huanza kinywani, chakula kinapongia,
Jino likenda shimoni, mkono hulialia,
Msimwekee chomboni, jino lake la bandia,
Mtieni mdomoni, na nyama kumkatia.